Behewa la Nane, Upande A

Anza na chafya.
Dakika ya tatu, kabla ngoma haijakaa sawa,
mtu anapiga chafya na hakuna anayezima mashine.
Ni stoo ya ushirika, Kanyenye, mwaka wa themanini na nne;
marobota ya tumbaku yamepangwa hadi darini,
yanameza mwangwi vizuri kuliko zulia la tajiri
na yanawasha pua za waimbaji kumi na mmoja.

Walirekodi kwanza kwa sababu hapakuwa na jukwaa,
wala kitambaa cha sare, wala dizeli ya jenereta.
Kapalala Lugendo, mtu wa simu za upepo pale stesheni,
alikuwa na mchezo mzima kwenye daftari la mizigo:
mjane, jeneza, behewa la nane,
na karani asiyetaka kuandika kilichomo.
Tuimbe sasa, alisema. Macho yatatazama baadaye.

Macho yalitazama baadaye, Mwanza, kwa viti vya kukodi.
Kisha Dar es Salaam, kwa kinanda cha umeme na taa za buluu.
Mwaka jana vijana wa Isevya wameuimba upya, wameutia kwenye simu,
dakika nne tu, jeneza halimo.
Ninazo zote. Nazisikiliza usiku kama mtu anayekagua hesabu,
nikitafuta senti iliyopotea.

Sitadanganya: makarani watatu wa Mwanza ni bora.
Kwenye kaseti sauti zao hazikutani hata mara moja,
ni ndugu waliogombania shamba.
Na ngoma ya kaseti imelegea; mvua ilinyesha siku hiyo.

Lakini sikia honi.
Treni ya Mpanda, imechelewa saa sita,
inaingia katikati ya ubeti bila kuitwa,
na waimbaji wanapandisha sauti juu yake, wakicheka kidogo.
Dar wameiweka honi. Safi, ya dukani,
inafika kwenye pigo lake kama mtumishi aliyeitwa kwa kengele.
Tangu lini treni yetu ikawahi?

Na sikia mjane. Kwenye kaseti anadai:
*Nipe risiti, karani, kama yeye ni mzigo.*
Dar wamemlainisha:
*Nakusamehe, karani, sisi sote wasafiri.*
Watu walisimama, wakapiga makofi, wengine walilia.
Mimi nilibaki nimekaa, nikiitaka ile risiti.

Jambo moja tu halikubadilishwa na yeyote.
Baada ya neno la kwanza mjane hunyamaza,
kitambo, pigo moja na nusu,
ndipo huendelea. Mwanza walinyamaza hapo.
Dar wakanyamaza, hata kwa maneno mapya: *Naku—*
kisha *—samehe*, mkono kifuani, taa ikififia.
Binti wa Isevya ananyamaza pia, kwa adabu,
kama mtu anayevua viatu mlangoni bila kuuliza ni kwa nani.

Jumapili nilimpelekea mama simu.
Nyanzala binti Kasubi, mjane wa kwanza, sasa mjane kweli,
alikuwa anabangua karanga kwenye ungo.
Alisikiliza yote. Huyu binti ana koo, akasema.
Mimi nilikuwa napiga kelele tu.
Lakini mbona anakata pumzi pale?

Ndivyo ulivyofanya wewe, mama. Wote wamekufuata.

Alicheka mpaka ungo ukayumba.
Mimi? Nilikuwa na mimba ya miezi saba, mwanangu.
Ulinipiga teke.

Nikaichukua kaseti, nikairudisha kwa penseli, polepole,
utepe umechakaa, unaweza kukatika wakati wowote.
*Nipe—*
Vumbi la sumaku. Mtu anasogeza mguu sakafuni.
Nikaongeza sauti pale ambapo hakuna sauti.

Mama akaokota karanga iliyoangukia mkekani, akaipuliza, akaila.
Hiyo ina kelele, akasema.
Hebu niwekee tena ile ya Dar.